Mwambie Ng'ombe

Radi ilipiga mgomba wa tatu kutoka zizini, ikakimbia na waya wa sola mpaka ndani, ikamnyamazisha mume wangu katikati ya neno. Alikuwa anasema, "Atu, anua ngu—"

Nguo zililowa zote. Nilizianua kesho yake.

Fundi alifika siku ya Jumatano, akipanda kilima huku akihema, mkoba mgongoni na tope jeusi hadi magotini. Anaitwa Otavina Tweve, Mkinga wa Makete, na sauti yake hufika kabla yake.

"Hodi hapa kwa wala ndizi!"

"Karibu, Mkinga. Umekuja kutengeneza au umekuja kuuza?"

"Mkinga akitengeneza anauza, akiuza anatengeneza. Maiti iko wapi?"

"Usiseme hivyo."

Akaniangalia usoni, akashusha mkoba. "Samahani, dada. Nionyeshe seva."

Nilimpeleka chini ya meza ya chumba cha mbele, kwenye lile sanduku la chuma lenye ukubwa wa debe. Alilifungua, akatoa vipande vinne vya kumbukumbu, akavipanga juu ya kanga niliyomtandikia. Viwili vilikuwa safi. Viwili vilikuwa vyeusi na vinanuka kama pembe iliyoungua.

"Ilikuwa inaendesha nini?"

"Tangi la kupozea maziwa ya majirani. Gesi ya samadi. Taa." Nikainyoosha kanga. "Na Ipyana."

"Nakala?"

"Nakala. Mwenyewe yuko kwenye mawe ya angani, kule nje ya Mirihi. Miaka minne imekwisha. Imebaki mitatu."

Otavina hakuuliza zaidi, maana siku hizi kila kilima kina nyumba kama yangu. Wale wa kwanza waliokwenda kuchimba mawe walilala usingizi wa safari miaka mitatu wakienda, wakachimba mwaka mmoja, wakalala mitatu mingine wakirudi. Walirudi vijana bado, wanashangaa mvi za wake zao. Kuna mmoja, kule Mwakaleli, alisimama uani kwake akamuuliza mkewe njia ya kwa fulani kana kwamba anaongea na mpita njia. Ndiyo maana sasa anayekwenda huacha nakala yake nyumbani, nayo inaishi ile miaka. Inasikia nani kaoa, nani kazikwa, ng'ombe gani kazaa. Akirudi, mtu na nakala yake huunganishwa mchana mmoja, na miaka saba ya nyumbani inakaa kichwani mwake kama aliishi mwenyewe. Sharti ni moja: nakala iwe imetunzwa ndani ya chumba chake yenyewe, chenye mhuri, isichanganyike na kitu kingine chochote.

Otavina alitoa fomu kwenye kishikwambi chake. "Jina la mwenye nakala?"

"Ipyana."

"Jina la ukoo?"

Nikamwelekeza kwa kidole. "Limeandikwa chini ya sanduku. Soma mwenyewe."

"Si useme tu?"

"Ni jina la baba mkwe. Silitamki."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Nyie Wanyakyusa! Mnapeleka watu nje ya Mirihi, lakini jina la mzee mnaliogopa kama nyoka."

"Hata kukutana naye hatukutani. Akija huku, mimi natoka."

"Huna hata picha ya sura yake?"

"Nazijua buti zake."

Na ni kweli. Wengi wameiacha desturi hii, wanakula meza moja na wakwe zao. Lakini mzee huyu ni wa zamani, na mimi nililelewa na bibi. Kila Alhamisi saa nne asubuhi hukohoa pale njiapanda ili nimsikie. Mimi huchemsha chai, naimimina kwenye chupa, natoka kwa mlango wa nyuma, nakwenda migombani. Yeye huingia kuongea na mwanawe. Miaka minne nimeisikia sauti yake ikipita ukutani, naisikia na ya Ipyana ikimjibu, na sijawahi kuyapata maneno. Nikimuuliza Ipyana husema, "Hayo ni ya baba na mwanawe." Na mimi sikulazimisha.

Otavina aliinama tena kwenye sanduku. "Sasa sikiliza. Linux, ile programu mama ya sanduku, ni nzima, haijaguswa. Kilichokufa ni nusu ya kumbukumbu. Ile programu ya zamani iliyomtengea mumeo chumba haikubali kusimama kwenye nusu. Lazima tuchague nyingine. Ninazo tatu."

Aliweka ya kwanza. Inaitwa Mgongoni, kwa sababu haijengi chumba chini kabisa. Inapanda juu ya programu nyingine kama mtoto anavyobebwa mgongoni, na kila anachotaka lazima kipitie kwa aliyembeba. Tulisubiri muda mrefu, mpaka kipaza sauti kikakohoa.

"Aaaa," ilisema sauti ya mume wangu, nzito kama inatoka ndani ya pipa. "Aaaa... tuuuu..."

"Mumeo amekunywa," alisema Otavina.

Nilicheka. Kisha nikashika ukingo wa meza. Siku mbili nzima nilikuwa sijaisikia hata hiyo.

"Zima," nilimwambia. "Asijisikie hivyo."

Akazima. Akanieleza mbili zilizobaki kwa maneno, polepole, akinitazama aone kama naelewa. Ngome hujenga chumba kamili, na kiini chake, ule moyo unaoendesha kila kitu, na kuta zake. Hakuna kinachoingia wala kutoka bila kupita mlangoni. Mhuri unabaki mzima, na Ipyana akirudi ataunganishwa. Lakini Ngome haigawani na mtu. Ikiwaka inachukua sehemu yake yote ya kumbukumbu hata kama aliyemo ananyamaza, na Ipyana anahitaji vile vipande viwili vyote.

"Kwa hiyo akiamka yeye, tangi la maziwa linazimika," alisema. "Maziwa yanavumilia saa moja. Zaidi ya hapo majirani watakuja na fimbo. Saa moja kwa siku, dada. Na lile dirisha alilokuwa nalo, jicho la kutazama uani, nalifunga. Halitoshi."

"Na ya tatu?"

"Kibanda. Hii haijengi kuta, inaweka mapazia. Wote waliomo wanatumia kiini kimoja cha nyumba, kila mtu anachukua anachohitaji na kurudisha. Atakuwa macho kutwa. Atakuona, atakusikia, atajua hata gesi imebaki kiasi gani. Lakini ya nyumba yatamwingia, na yake yatatoka yaingie nyumba. Mhuri unavunjika. Hakuna atakayemuunganisha tena."

"Si tumpige picha kwanza, kama alivyo leo, tuiweke? Halafu huyu akae Kibanda."

"Mtu mmoja, nakala moja. Wakionekana wawili, mihuri yote miwili inakufa. Sheria haina mchezo hapo."

"Vipande vipya je?"

"Nimekuandika kwenye orodha. Mbele yako kuna watu mia nne."

Aliniwekea Ngome kwa majaribio, maana hiyo haiharibu kitu. Kibanda akakiacha kwenye kijiti kidogo, akakifunga kwenye kipande cha gazeti. "Jumamosi nakuja kufunga moja ya kudumu. Ukiona huwezi kungoja, chomeka hiki mwenyewe, bonyeza kubali. Lakini ukishabonyeza, usinipigie ukilia."

*

Nilichagua saa kumi jioni, kabla ya maziwa ya pili. Nilizima tangi, nikawasha Ngome.

"—o," alisema Ipyana. "Nguo. Mbona kiza? Atu?"

"Nipo."

"Sikuoni."

Nikamweleza yote, radi, vipande, Otavina, saa moja. Nilijitahidi kusema haraka nisimalize muda wake kwa maelezo. Alinyamaza. Zamani akinyamaza nilikuwa sijali, nilijua yupo, ananitazama nikichambua mboga. Sasa kila kimya nilikiona kinakula dakika zake.

"Mvua inanyesha?" aliuliza.

"Imekatika."

"Sisikii chochote nje. Nilikuwa nasikia mpaka kuku." Halafu akasema, "Chomeka Kibanda."

"Ipyana."

"Nakuomba. Unajua nimezoea nini? Asubuhi unapokoroga uji, mwiko ukigusa sufuria mara tatu. Unagonga mara tatu siku zote, unajua? Saa moja kwa siku, nitakuwa kama mgonjwa anayetembelewa."

"Na yule mwingine?"

"Yupi? Aliyelala?" Sauti yake ilikuwa kali kidogo, kisha ikashuka. "Atu, fikiria. Siku atakayoshuka atapewa miaka yangu yote kama mzigo wa zawadi. Atajua uligonga mwiko mara tatu. Mimi nitapata nini? Mimi nitayeyuka ndani yake kama chumvi, na yeye ndiye atakayekushika mkono."

Nilipoolewa na Ipyana tulikaa miaka miwili, ndipo akaondoka. Na huyu nimekaa naye minne. Yule nakumbuka harufu ya shati lake, uzito wake akikaa kitandani, namna alivyokuwa ananawa uso kwa maji baridi akipiga kelele. Huyu najua mawazo yake yote ya miaka minne, na sijamgusa hata siku moja. Nikikaa mlangoni jioni, nikisema namtamani mume wangu, sijui namtamani yupi.

"Nipe siku," nilisema.

"Unazo mpaka Jumamosi," alijibu, akacheka kidogo, na dakika zikaisha kabla hajamaliza kucheka.

*

Alhamisi nilimimina chai kwenye chupa mapema. Kile kijiti kilikuwa kwenye mfuko wa gauni, kila nikiinama kinanichoma pajani. Niliamua saa ya siku hiyo iwe ya mzee, kwa hiyo nilipomsikia akikohoa njiapanda nilizima tangi, nikawasha Ngome, nikatoka kwa nyuma.

Kikohozi kilikuwa kibaya. Zamani alikohoa mara mbili, kwa heshima. Siku hiyo aliendelea kukohoa hata pasipokuwa na haja ya kuniarifu.

Nilijificha palepale pa siku zote, nyuma ya mgomba mkubwa karibu na zizi. Nikasubiri mlango ulie. Haukulia. Badala yake nikaona buti zile zikija zizini, zikasimama mbele ya ng'ombe, visigino vikinielekea mimi. Alikuwa amenipa mgongo.

Niliinamisha uso. Kama angegeuka, tungekuwa tumeonana, na hilo halijawahi kutokea.

"Wewe Sukari," alimwambia ng'ombe. "Umeamkaje?"

Ng'ombe aliendelea kutafuna.

"Sina mtu wa kuongea naye hapa, kwa hiyo naongea na wewe. Nimesikia kwa watu wa maziwa kwamba yule Mkinga ameacha programu mbili, na kuna mtu lazima achague." Akakohoa, akatema, akafukia kwa buti. "Basi nataka nikwambie jambo, ng'ombe. Ukitaka kumwambia mtu mwingine, shauri yako."

Nilishika jani la mgomba kwa mikono miwili.

"Siku Ipyana anaondoka alikuja kuniaga. Nilimkatalia mkono. Nilimwambia, mtu anayeacha ardhi ya babu zake akachimbe mawe ya angani asije kwangu akirudi, na mimi nikifa asishike udongo. Hivyo hivyo nilisema. Akaondoka. Usingizi wake wote wa kule, amelalia neno hilo."

Nilikumbuka siku ile. Ipyana alirudi kutoka kwa baba yake, akakaa, akala ndizi mbili, akasema, "Mzee ni mzima." Basi.

"Huyu wa ndani nilipoanza kuja kwake, mwaka mzima hatukupatana. Nasema hili, ananijibu lile. Tumegombana, ng'ombe, mpaka nikawa narudi nyumbani natetemeka. Mwaka wa pili nikamwomba msamaha, akakataa. Mwaka wa tatu akakubali. Sasa tunaongea miche ya ndizi, tunacheka. Nimeambiwa niandike barua, atasoma akirudi. Barua ya nini? Ataiamini barua? Yule alisemewa neno kwa mdomo. Na hili la pili limo humo ndani tu, kwa huyu. Akivunjwa mhuri, mwanangu anashuka na lile la kwanza. Na kifua changu hiki hakifiki miaka mitatu, hata wewe unakisikia."

Mkono wake ulikuja mgongoni mwa Sukari, mkono mweusi wenye mishipa, kidole gumba chenye kovu. Ulikuwa kidole cha Ipyana, kovu tu ndilo tofauti.

"Lakini nyumba ni yake yeye anayekukamua," alisema. "Mimi nina Alhamisi, yeye ana siku zote, na ni kijana, na yuko peke yake. Akichagua lile la kukaa naye kutwa, ng'ombe, mwambie sitamlaumu. Sitakohoa hata kwa hasira."

Alingoja. Nilielewa kwamba alikuwa anangoja.

"Sukari," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba, "mwambie mgeni wako ameamshiwa mwanawe, na dakika zinakwenda. Chai iko mezani. Nimeweka tangawizi ya kifua."

Mkono ulimpiga ng'ombe kofi dogo, la shukrani. "Mwambie ndaga," alisema mzee, asante ya Kinyakyusa, na zile buti zikaondoka.

*

Ijumaa saa kumi nilimwambia Ipyana.

"Baba kaongea na nani?"

"Na Sukari."

"Kwa nini asimchague yule ng'ombe mweusi? Ana akili zaidi." Tulicheka wote wawili, na kwa muda ilikuwa kama zamani. Kisha akasema, "Kwa hiyo sasa unajua."

"Najua. Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo? Miaka minne."

"Ningekwambia nini? Kwamba baba yangu alinilaani? Nilitaka uwe unamchemshia chai bila kumchukia."

Nilitoa kile kijiti mfukoni, nikakiweka mezani, karibu na kipaza sauti ili asikie kinavyogonga. "Hiki hapa Kibanda. Nakitaka, Ipyana. Usidhani sikitaki. Jana nililala nimekishika mkononi. Nataka uone nikikoroga uji. Nataka uniambie nianue nguo. Lakini siwezi kubonyeza kwa ajili yako bila wewe, na siwezi kubonyeza kwa ajili yangu tu. Nusu ya uamuzi ni yako."

Alinyamaza. Nilitazama saa ya ukutani, nikaona dakika nne, tano, saba, na sikumharakisha.

"Unajua kinachoniuma?" alisema mwishowe. "Nilipomsamehe mzee, sikumsamehe kwa niaba ya yule. Nilimsamehe mimi. Nilichukua mwaka mzima. Sasa yule ataamka na msamaha ambao hakuutolea jasho."

"Ndiyo."

"Na ataupata na mwiko wako."

"Ndiyo."

"Atakugusa, Atu."

Sikuweza kusema ndiyo ya tatu. Niliweka kiganja juu ya sanduku. Chuma kilikuwa na joto, kama kawaida akiwa macho.

"Alhamisi ni ya baba," alisema. "Saa nzima. Usiipunguze hata dakika. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na wewe usije ukiwa umechoka sana, ukasinzia hapo. Uje ukiwa na la kunisimulia. Hata la kuku."

Jumamosi Otavina alifunga Ngome, akagonga mhuri, akanirudishia kishikwambi nitie kidole. Alichukua kijiti chake, akakigeuza, akaona gazeti lilivyolowa jasho na kukauka. Safari hii hakuwa na utani. Alinipiga begani tu, akasema, "Nitapandisha jina lako kwenye orodha. Kidogo. Wasijue."

*

Sasa wiki zangu zina siku sita. Nakusanya mambo kutwa nzima, nayapanga kichwani, lipi litangulie, lipi likose. Kuku kaatamia kwenye ndoo. Mama Subilaga kaleta maziwa yenye maji, tumemgundua. Uji nakoroga nikigonga mara tatu, ingawa hakuna anayesikia.

Alhamisi iliyopita mzee alikohoa njiapanda. Nikawasha, nikatoka. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima Rungwe, na nguo zangu zote zilikuwa kwenye kamba. Nilisimama nyuma ya mgomba nikisikiliza zile sauti mbili ukutani, nzito na nyepesi, na kwa mara ya kwanza nilijua zinaongea nini bila kusikia hata neno. Miche ya ndizi. Walicheka mahali fulani. Matone ya kwanza yakaanza kugonga majani.

Kisha mlango wa mbele ukalia, mapema. Buti zilizunguka nyumba, polepole, zikasimama zizini, visigino vikinielekea.

"Sukari," alisema mzee, akihema, "mimi leo nimechoka kuongea. Nimeacha dakika kumi humo ndani. Sijui za nani."

Akaondoka kwenye mvua, bila kukohoa.

Nilikimbia. Niliteleza kwenye tope, nikainuka, nikaipita kamba ya nguo, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikapiga magoti mbele ya sanduku mikono ikichuruzika maji.

"Baba?" aliuliza Ipyana.

"Ni mimi."

"Unahema. Mvua inanyesha?"

"Inanyesha sana."

"Na nguo, Atu?"

"Ziache zilowe," nilisema.